Meno Thelathini na Manne

Mwenda pole hajikwai.

Hugongwa.

Shufaa Shemndolwa aliujua ukweli huo kuliko wahenga, maana wahenga hawakuwahi kufukuzwa na BMW nyeusi katika mitaa ya Troyeville, saa tatu asubuhi, wakiwa juu ya baiskeli.

Aliinama juu ya usukani, akakanyaga. Nyuma yake injini ilinguruma. Mama mmoja mbele ya spaza, kiduka cha mtaani, aliruka pembeni na beseni lake la mahindi, akatoa tusi ambalo Shufaa aliliona la haki kabisa.

"Kipanga, sema," sauti ilikwaruza sikioni mwake.

"Nimeiona, Mkuu. Dhahabu. Fito nne ndani ya bomba la kiti, zimezungushiwa nailoni na grisi."

"Una hakika?"

"Nina picha. Nikutumie sasa, au nikishagongwa?"

Kamera yenyewe, ndogo kama punje ya kunde, ilikuwa kwenye ncha ya waya uliofichwa ndani ya pampu yake. Pampu hiyo ilikuwa na mambo mengine pia, lakini zamu yao ilikuwa bado.

Kwa mwezi mzima Shufaa alikuwa fundi baiskeli wa Troyeville, mikono myeusi, bei nafuu. Kitengo cha upelelezi kilimpandikiza pale amchunguze mtu mmoja: Hénock, mwenye kampuni ya Bonde Jeupe Tours, suti ya buluu, tabasamu la mhubiri. Hénock aliwapa wahamiaji wenzake zawadi ambayo magazeti yaliipenda. Siku saba za kuendesha baiskeli katika milima ya Alpi, bure! Kutoka mji wa Andermatt, kuvuka kipito cha Furka, kisha kuteremka na mto Rhône, kijiji kwa kijiji, hadi Ziwa Geneva. Mizigo juu ya baiskeli, hema nyuma, theluji kwenye picha.

Alileta baiskeli nne mpya.

"Jaza upepo tu, fundi," alisema. "Usiguse kingine."

Ukimwambia binti wa fundi baiskeli wa Lushoto asiguse, umemwita aangalie. Shufaa aliangalia gia. Mbele, meno hamsini na mawili. Nyuma, gia kubwa kuliko zote ilikuwa na meno ishirini na moja. Mlima hutaka meno mengi nyuma; hiyo ni baiskeli ya tambarare. Baba yake angeicheka mpaka akae chini.

Nani anamnunulia mtu baiskeli ya kwenda Alpi isiyoweza kupanda Alpi?

Mtu anayetaka ifike uwanja wa ndege wa kule tu.

Na ujanja ulikuwa hapo. Baiskeli ya mashindano hupimwa hadi gramu. Ya safari hubeba hema, sufuria na blanketi. Ikiwa nzito, nani atashangaa?

Asubuhi hii, kabla baiskeli hazijapelekwa hotelini, aliingiza waya ndani ya bomba la kiti. Mlinzi wa Hénock akamwona. Ndiyo maana kulikuwa na BMW.

"Kazi nzuri," alisema Selemani, mkuu wake. "Sasa waache wapande ndege."

"Nani?"

"Wabebaji. Ndege ni saa tisa. Sisi tunamtaka mnunuzi anayewapokea kule."

"Mkuu, watatu wa safari ya kwanza waliondoka Machi. Simu zao zinaita mpaka leo na hakuna anayepokea. Mnunuzi haachi shahidi."

"Hiyo ndiyo bei ya kazi."

"Na Gaël naye ni bei?"

"Gaël ni nani?"

Gaël alikuwa mmoja wa wabebaji hao wasiojua wanachobeba: askari wa ulinzi katika duka moja la Rosettenville, mtu wa Bukavu, umri miaka thelathini na mmoja. Kila Jumamosi alipanda hadi Troyeville kumuuliza Shufaa habari za minyororo na breki. Ramani ya safari aliitembeza mfukoni mwa sare yake, imekunjwa mpaka imechanika mikunjoni. Alijua kila kijiji kwa jina. Alimwita Shufaa yaya, dada mkubwa, ingawa walilingana umri, na Hénock alimwita Ya, kaka mkubwa.

"Kipanga, hiyo ni amri."

"Mkuu, mtandao unakatika."

Mtandao haukuwa unakatika. Shufaa alichomoa kifaa sikioni akakitia mfukoni.

Mbele yake lami iliishia kwenye kilima cha mawe kinachotenganisha Bezuidenhout Valley na vitongoji vya juu. Hakukuwa na barabara pale, ila njia ya miguu, wima kama ngazi. Akabofya gia. Nyuma ya baiskeli yake kulikuwa na meno thelathini na manne, aliyoyafunga kwa mkono wake. Miguu ilizunguka haraka, gurudumu likapanda polepole, likapanda, likapanda.

BMW ilifunga breki chini. Mlango ukafunguka. Mtu akatukana kwa Kizulu.

Shufaa alimpungia mkono bila kugeuka.

Hoteli ya Sandton, ambako Hénock alikuwa akiwaaga wasafiri wake, ilikuwa na ua wa kupendeza, umezama chini ya usawa wa barabara. Njia ya kutokea ilikuwa moja tu: mwinuko wa saruji, mkali kama paa. Uani baiskeli nne zilisimama zimefungwa riboni. Waandishi watatu. Gari la kwenda uwanja wa ndege. Hénock na kipaza sauti. Kando yake, mlinzi wake mwingine, mwenye shingo ya fahali na bastola ya Glock chini ya koti.

"Yaya fundi!" Gaël aling'aa. "Ulikuya kuniaga?"

Shufaa alishuka, jasho likimchuruzika.

"Gaël, umewahi kuiendesha hii baiskeli?"

"Hapana. Ya Hénock alisema itachafuka."

"Hesabu meno."

"Fundi," Hénock alicheka ndani ya kipaza sauti, "siku hizi umekuwa daktari wa meno?" Waandishi walicheka. "Huyu mwanamuke iko na wivu tu. Gaël, ingia gari."

Lakini Gaël alikuwa ameshachuchumaa. Huyu mtu alisukuma magunia ya makaa kwa baiskeli miaka mitano katika vilima vya Bukavu. Kidole chake kilipita jino kwa jino, midomo ikihesabu. Kisha alisimama, taratibu sana.

"Makumi mbili na moja," alisema. "Ya Hénock, na hii nitapanda Furka? Na mizigo? Na hii sipandi hata kile kilima chetu cha Muhungu!"

"Kule kuna zingine, mudogo wangu."

"Sasa hii tunaipeleka ya nini?"

Kamera ziligeuka.

Shufaa alirusha ufunguo mdogo wa kufungulia kiti. Gaël aliudaka hewani. Mzunguko mmoja, kiti kikachomoka. Akaipindua baiskeli.

Ufito mmoja ukateleza, ukaanguka kwenye vigae. Mlio wake ulikuwa mfupi, mzito. Nailoni ilipasuka na njano ikajionesha.

"Dhahabu ya kwetu," Gaël alisema. "Mulitaka niibebe mimi."

Mkono wa mlinzi ulikwenda kiunoni.

Sasa ilikuwa zamu ya pampu. Shufaa alisukuma mara moja. Wingu la pilipili lilimpata mlinzi usoni, akakaa chini akilia kama aliyefiwa. Glock ikasota sakafuni. Shufaa akaikanyaga, akaiokota, akatoa risasi zake zote.

Hénock alikuwa kwenye simu. "Leta gari! Sasa!"

"Eish, bosi," dereva wa BMW alijibu simuni, kwa sauti kubwa kiasi cha kila mtu kusikia. "Robot zote za barabara ya Louis Botha zimezima, si taa nyekundu si ya kijani. Sisogei hata hatua."

Hénock alitupa simu. Akarukia baiskeli iliyo karibu, akaelekea kwenye mwinuko.

Pedali ya kwanza. Ya pili. Ya tatu akasimama juu yake kwa uzito wake wote, suti ikapasuka kwapani. Ya nne haikuja. Baiskeli ilisita katikati ya saruji, ikayumba, ikamlaza ubavu na dhahabu yake.

Shufaa hakukimbia. Alitembea. Akaweka mguu juu ya usukani.

"Mlimani ni gia, Ya Hénock. Alpi bado ziko mbali."

Polisi walioitwa na hoteli walipomaliza kumfunga Hénock pingu, Gaël alikuwa amekaa kwenye ukingo wa ua, ramani magotini.

"Yaya. Na Furka?"

"Furka haihami." Shufaa alimsogezea baiskeli yake mwenyewe. "Nyuma ina thelathini na manne. Anza na vilima vya hapa."

Akapanda mwinuko kwa miguu, mikono mfukoni, kuelekea kituo cha treni. Barabarani alirudisha kifaa sikioni.

"Mnunuzi ametoroka!" Selemani alifoka. "Miaka miwili ya kazi, Shufaa! Mkurugenzi anataka barua ya kuomba radhi mezani kwake kabla ya saa kumi."

"Atakaa na meza tupu."

"Watakufukuza."

"Wanifukuze. Gaël yuko hai."

"Sentensi moja tu, mwanangu. Sema umekosea."

Shufaa alisimama kwenye ukingo wa barabara, akasubiri teksi ipite.

"Sikukosea," alisema, akavuka. "Siombi radhi."