Vidonge Vitamu vya Mama

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa viatu vya shule, Kachero alipanda juu ya kigoda, akashusha kopo la dawa kutoka kabatini, akampelekea mama yake kidonge kimoja chekundu na bilauri ya maji. Mama alifumba macho, akakunja uso kama mtoto anayeoshwa kichwa kwa sabuni, akakimeza.

"Kina ladha ya kutu," alilalamika kila siku. Kisha alirudi kwenye cherehani yake, akashona polepole, akipumzika kila baada ya mshono maana pumzi zilimwishia.

Jina la Kachero alipewa na mama huyohuyo. Msichana alikuwa na miaka kumi na miwili, na hakuna kilichompita. Muuza maziwa akiongeza maji, Kachero anajua. Sukari ikipungua kijiko, Kachero anauliza nani kaila.

Na hospitali ndiyo hakuiamini kabisa. Daktari alisema mlango mmoja wa moyo wa mama haufungi sawasawa, kwa hiyo lazima apasuliwe. Sawa. Lakini hawakumpasua, eti damu yake ni chache, ipande kwanza. Halafu, loo! Kila wakienda kliniki, nesi mmoja mrefu mwenye miwani anamchoma sindano na kutoa damu ileile iliyo chache! Anaitia kwenye kichupa, anatokomea nayo koridoni. Inakwenda wapi? Mlangoni palikuwa na bango linaloomba watu wachangie damu. Kachero akaunganisha mambo kichwani mwake: kumbe damu inatafutwa!

Siku moja akamsikia mama akimnong'oneza mama mdogo nyuma ya pazia: "Ndugu yangu, tangu nianze vidonge hivi, choo changu ni cheusi kama mkaa."

Moyo wa Kachero ulipiga paa. Wanamuunguza tumbo, alijiambia. Hakumuuliza mtu. Jioni alinunua dukani peremende ndogo nyekundu za duara, akazitia ndani ya kopo. Vidonge vyenyewe akavificha kwenye soksi kuukuu chini ya godoro.

"Mbona siku hizi kina utamutamu?" mama aliuliza.

"Labda wamebadilisha kiwanda," Kachero alijibu akitazama pembeni.

Haukupita muda mrefu, mama akamwambia mama mdogo kwamba choo kimekuwa cha kawaida. Kachero akavimba kichwa. Si amemwokoa mama yake? Ila mama alizidi kuhema. Siku nyingine alisinzia juu ya cherehani, kitambaa mkononi, midomo imepauka. Kachero aliogopa, lakini lawama zote akambebesha yule nesi na sindano zake.

Siku ya kliniki ikafika. Daktari, mwanamke mfupi mwenye sauti ya upole, alisoma majibu ya kipimo, akamgeukia mama.

"Mama, damu imeshuka. Vidonge unameza?"

"Kila siku, daktari. Sijaruka hata siku moja."

"Na choo?"

"Kilikuwa cheusi. Sasa kimeacha."

Nesi alimtazama mama juu ya miwani yake. "Mama yangu, tusidanganyane. Vidonge hivi vina madini ya chuma, na chuma ndicho kinachofanya choo kiwe cheusi. Hakina madhara. Kama weusi umekwisha, basi vidonge humezi."

"Mimi si mwongo, sista," mama alisema.

Daktari alishusha pumzi. "Kama kweli anameza na damu inashuka, huenda inavuja ndani. Itabidi tumpitishe mpira wenye kamera mpaka tumboni, na operesheni tuiahirishe tena. Sipendi, maana moyo umechoka kusubiri. Lakini nikimpasua hivi, damu atakayopoteza itamwangusha, na ya kumwongezea hatuna ya kutosha."

Machozi yalimtoka mama. Kachero alikuwa amewashuku watu wote mle chumbani, na sasa anayeshukiwa ni mama yake, kwa kosa lisilo lake. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

"Anasema kweli," alisema. "Ni mimi. Nilimpa peremende."

Akamwaga yote: mkaa, soksi, bango, kichupa. Mama alishika kichwa kwa mikono miwili.

"We mtoto! Ulitaka kuniua?"

"Nilitaka upone, mama!" Kachero akaangua kilio.

Nesi alivua miwani. "Kumbe mimi ni mnyonya damu! Haya, njoo."

Alimpeleka maabara, mwisho wa korido, akamwonyesha kichupa cha mama kando ya mashine. Damu iliyokuwemo haikujaza hata kijiko. "Hii ndiyo inayotuambia kama mama yuko tayari. Na lile bango ni la watu wanaojitolea. Damu yao wanaongezewa wagonjwa kama mama, wakipungukiwa wakati wa operesheni."

"Samahani, sista."

"Kamwombe mama msamaha. Na mimi nitamwomba, nimemwita mwongo bila kumsikiliza."

Kwa kuwa muda ulikuwa umepotea, daktari aliamua mama awekewe dawa ya chuma kwa dripu. Damu ilipanda. Wiki chache baadaye alipasuliwa salama, akaongezewa chupa moja tu ya damu, ya mtu asiyemjua. Mama mdogo naye akaenda kuchangia yake, ili mgonjwa mwingine asikose.

Wodini, daktari alimvuta Kachero karibu. "Kushuku si kosa, mwanangu. Hata mimi nashuku kila siku, ndiyo kazi yangu. Lakini mimi nikishuku, nauliza na kupima. Wewe ulishuku ukakaa kimya, ukageuza dawa ya mgonjwa. Siku nyingine uliza, hata kama unaona haya."

Kachero aliitikia kwa kichwa. Kisha akamletea mama kidonge chekundu na maji, kama zamani.

Mama alikipokea, akamtazama binti yake kwa jicho la pembeni, akakigusa kwanza kwa ncha ya ulimi. Uso ukamkunjamana. Akacheka mpaka akashika kifua chenye mshono.

"Kutu," alisema. "Hiki ndicho chenyewe." Akameza.