Filme Haikuwa na Kalamu

— Wewe dada unayeandika kwenye kaye, umekuja kuangalia filme ao kuangalia watu?

Ukumbi mzima wa video ukacheka. Aliyeuliza alikuwa kijana mwenye mikro, kando ya ekra, anayetafsiri filme kwa Kiswahili. Nilikuwa mgeni pale mtaa wa Majengo, nimeingia bila kumwarifu mtu.

— Vyote viwili, nikajibu. Jina langu Kanyere. Ninaandika mémoire ya kumaliza chuo kikuu juu ya filme za Kihindi, namna watu wanazipokea zikitafsiriwa.

— Juu yetu? akashangaa Mama Séraphine wa benchi ya mbele. Huko chuo kikuu wamekosa kazi?

— Mwache akae, mama, akasema yule kijana wa mikro, Gradi. Ila asiandike wakati watu wanalia.

Nikarudi kila Jumamosi mchana, miezi mitatu, nikirekodi kila kitu. Siku moja mwanaume wa kwenye ekra alimshika binti mkono, na Gradi akasema kwenye mikro: "Wewe wa kalamu ya buluu, ukiacha kuandika kidogo, nitakuomba tutembee mpaka ziwani."

Nikayaandika maneno hayo kwa makini. Nikayawekea namba, kama maneno mengine yote ya filme.

Rafiki yangu Élodie alisoma India miaka minne. Nikamtumia rekodi anisaidie kulinganisha. Akanipigia simu, anacheka mpaka anakohoa.

— Kanyere! Huyo mutu hajui Kihindi hata neno moja!

— Haiwezekani.

— Nakuambia! Pale anasema "nitarudi, usiuze nguo zangu", yule mwanaume wa filme anagombania nyumba ya baba yake!

— Na ile ya kalamu?

— Kalamu gani? Pale anaomba maji ya kunywa. Filme nzima haina kalamu.

Nikaangalia kalamu yangu ya buluu.

Nilimkuta Gradi akifagia ukumbi.

— Gradi, Kihindi ulijifunza wapi?

Ufagio ukasimama.

— Umejua.

— Juu ya nini unadanganya watu?

— Bwana ya Mama Séraphine alipotelea vitani, Masisi. Siku ile mama alianza kulia kabla filme haijaanza. Nikampa yule mwanaume wa filme maneno ya bwana yake: nitarudi, usiuze nguo zangu. Sasa nguo za bwana yake amezifua zote, amezipiga pasi. Akijua ni mimi nilisema, atazifanya nini? Usiandike, Kanyere. Tafazali.

— Hiyo ndiyo sura yangu ya tatu yote!

— Najua.

Nikafunga kaye yangu.

— Siandiki. Na mutu akiniuliza, sijibu. Nimekuahidi.

Nikafika mlangoni, nikageuka.

— Na ile ya kalamu?

Akaegemeza ufagio ukutani.

— Ile nilitafsiri vizuri.

Tukatembea mpaka ziwani.

Siku ya kutetea mémoire mbele ya maprofesa, Gradi akaja na wamama sita wa benchi ya mbele, wamevaa vitenge vya harusi kwa ajili yangu. Profesa Munguakonkwa akafungua sura ya tatu.

— Mademoiselle, mtafsiri wako anajua Kihindi ao hajui?

— Swali hilo sitajibu, Profesa.

— Bila jibu, sura hii haisimami. Na nafasi ya assistant, ya kufundisha hapa chuoni, tunampa mwenye alama ya distinction tu. Unaelewa?

Niliitaka nafasi hiyo tangu mwaka wa kwanza. Simu yangu ikawaka juu ya meza. Gradi ameandika: "Sema tu. Ahadi nimekurudishia."

Nikainua macho. Mama Séraphine alikuwa ananitabasamia, amekaza kilemba kipya, anangoja mutoto wake aseme vizuri.

— Nauliza mara ya mwisho.

— Nimeelewa, Profesa. Sitajibu.

Maprofesa wakatoka kushauriana, wakarudi. Karani akasoma: "Satisfaction." Ni alama ya chini ya distinction; nafasi ya assistant ikaniponyoka hapo hapo. Kule nyuma Gradi akafunika uso kwa mikono yake.

Lakini wamama wakaruka juu, vigelegele vikajaa chumba. Kwa masikio yao lilikuwa neno zuri mno. Mama Séraphine akanibana kifuani.

— Mutoto wangu, umeshinda!

— Ndiyo, mama.