Pazia Lisiloacha Pengo

"Mwanangu, haya matangazo yakishaondoka, kinachobaki kwenye simu ni kweli tupu?"

Ndivyo jirani alivyouliza jioni moja, ameishika simu yake kwa mikono miwili kama mtu aliyepokea bakuli la moto. Msichana aliyeulizwa alikuwa amechuchumaa mlangoni kwao akisugua masizi ya sufuria. Hakuinua hata kichwa. Alijibu ndiyo, kwa sauti ya mtu aliyebobea, akaendelea kusugua.

Jirani huyo waliishi naye ukuta kwa ukuta. Wakubwa kwa wadogo walimwita Mama Vifungo, kwa kuwa mashati ya sare ya shule nzima yalipitia kwenye cherehani yake, na hakuna aliyewahi kukiona kifungo alichokishona yeye kikidondoka. Mume wake alikuwa ametangulia mbele ya haki, na Mungu hakuwajalia mtoto. Mama yake msichana alifanya kazi kwenye tanuri la mikate na hakurudi mpaka jua limeelekea kuzama. Basi msichana akitoka shule alikula kwa Mama Vifungo, akafanya kazi zake za shule kando ya cherehani, na kumtungia uzi kwenye sindano. Kazi hiyo ya uzi alikuwa amepewa tangu macho ya Mama Vifungo yalipoanza kumsaliti.

Daktari alisema ni presha ya macho. Ni ugonjwa wa kimyakimya. Hauumi wala hauwashi, unakula pembe za macho taratibu mpaka siku mtu anajigonga mlangoni akashangaa. Alipewa dawa ya matone, atie asubuhi na jioni maisha yake yote. Hospitali ilikuwa na ukurasa wake mtandaoni wenye maelekezo kwa wagonjwa, na Mama Vifungo, aliyesoma mpaka darasa la nne tu, alipenda kuusoma mwenyewe, herufi kazikuza mpaka tatu zinajaza kioo.

Tabu ilikuwa matangazo. Akifungua ukurasa, kinachomoza kiatu. Akikifunga kiatu, anatokea mwanamke wa dawa ya meno, anacheka peke yake. Akigusa alama ya kufunga, kumbe amegusa mlango wa kuingilia, anajikuta anaulizwa kama anataka kununua trekta.

"Trekta nitaliegesha wapi," alinung'unika, "juu ya kitanda?"

Lakini aliyatambua. Hiki cha wauzaji, alisema, akakifukuza kama anavyofukuza kuku, akarudi kwenye maelekezo yake ya matone.

Wakati huohuo, shuleni, mwalimu wa kompyuta alikuwa ametoa kazi. Kila mwanafunzi alinganishe programu tatu za kuzuia matangazo kwenye simu: Ngao, Ufagio na Pazia. Akawaeleza namna ya kufanya. Tumieni simu moja na ukurasa uleule. Kwanza ufungueni ukurasa bila kizuizi chochote, mtazame upi ni mwili wake na kipi kimebandikwa. Kisha wekeni programu moja, mwitumie siku kadhaa, muitoe, ndipo muweke nyingine. Na kabla ya kugusa neno "Kubali", someni mnachokikubali.

Msichana alikuwa na akili nyepesi, na hilo ndilo lililomponza. Nyumbani walimwita Injinia, jina la mzaha ambalo yeye alilichukua kwa uzito wote. Alianza na Pazia kwa sababu ilikuwa na nyota nyingi za sifa. Akagusa "Kubali" kabla maneno hayajamaliza kujitokeza. Ukurasa wa kwanza alioufungua ukatoka safi, umenyooka kama shati lililopigwa pasi. Kwa nini sasa ajisumbue na zile mbili? Akasoma watu wengine walisema nini: Ngao inachelewesha kurasa, Ufagio unaacha mapengo meupe pale tangazo lilipokuwa. Akayaandika kama aliyoyaona kwa macho yake.

Darasani alisifia kwamba Pazia haiachi hata pengo moja. Mwalimu akamtazama kidogo, akamuuliza kama programu zote tatu alizijaribu mwenyewe.

"Zote, mwalimu."

Wenzake wakampigia makofi. Jioni hiyo, kichwa kimemvimba, aliiweka Pazia kwenye simu ya Mama Vifungo bila hata kuombwa. Na hapo ndipo swali lile lilipoulizwa, na jibu lile likatolewa.

Siku zikaenda. Mvua zilianza mapema mwaka ule na ua wao ukawa tope tupu. Mama Vifungo alishona mlangoni kufuata mwanga, akavuta kiti karibu zaidi, na zaidi, mpaka goti likawa linalowa. Msichana aliona, akadhani ni mvua na wingu.

Kisha mzazi mmoja akarudisha shati. Vifungo vilikuwa vimeshikwa imara kama kawaida, ila havikukaa kwenye mstari. Kimoja kulia, kimoja kushoto. Mzazi alitania kwamba labda ndiyo mtindo mpya mjini. Mama Vifungo hakucheka. Alilishika shati lile akalisogeza upande wa jicho la kulia, akavikata vifungo vyote, akaanza upya. Jumapili yake, akitoka kusali, alimgonga bega mtoto aliyekuwa upande wake wa kushoto, akaomba radhi akielekea mahali ambapo mtoto hayupo.

Aliyefumbuka macho alikuwa mama yake msichana. Siku hiyo tanuri liliharibika, akarudi mapema, akamkuta jirani yake anapapasa meza kutafuta mkasi uliokuwa karibu na kiwiko chake. Akamuuliza kama anatia matone. Mama Vifungo akajibu, bila wasiwasi wowote, kwamba matone alishayaacha.

"Umeyaacha? Nani kakwambia?"

"Hospitali wenyewe wameandika, dada. Siku hizi wanatumia maji ya majani. Nimeagiza chupa, natia hayo."

Mama akaichukua simu. Ukurasa ulikuwa wa hospitali kweli. Lakini katikati ya maelekezo, kwa herufi zilezile na rangi ileile, palikuwa na aya iliyosema kuwa wagonjwa wengi wa presha ya macho sasa wanaachana na matone na kutumia maji hayo ya majani, gusa hapa uagize. Haikucheza, haikung'aa, haikuchomoza. Ilitulia pale kama mgeni aliyevaa nguo za mwenye nyumba.

Msichana alikuwa amesimama nyuma yao. Alijua palikuwa na nini mahali pale kabla: palikuwa na tangazo la kiatu.

Walikwenda hospitali asubuhi yake, mama akaomba ruhusa kazini. Daktari aliwapima macho yote mawili, akachukua muda mrefu kwenye la kushoto. Alisema maneno machache. Jicho la kulia lingebaki kama matone yatarudi leo leo na hayatakatizwa tena. La kushoto, kilichokwisha kupotea kimepotea. Mama Vifungo aliuliza kama miwani ingesaidia. Daktari akatikisa kichwa, kisha akakumbuka kuwa huenda hakuonekana, akasema kwa mdomo.

Kesho yake msichana alimfuata mwalimu wa kompyuta wakati wenzake wametoka kwenda mapumziko. Alikuwa amejiandaa kusema mengi, lakini akasema tu kwamba hakuzijaribu zote tatu, na yaliyompata Mama Vifungo. Mwalimu hakufoka. Alivuta kiti, akaomba simu ya Mama Vifungo, ambayo mama alikuwa amemkabidhi msichana aisafishe, akamwambia waifanye kazi sasa, yote, tangu mwanzo.

Waliiondoa Pazia, wakaufungua ukurasa wa hospitali bila kizuizi chochote. Viatu vikachomoza, mwanamke wa dawa ya meno akacheka. Mwalimu akamwambia ataje kipi ni mwili wa ukurasa na kipi kimebandikwa. Akavitaja. Aya ya maji ya majani haikuwapo popote. Siku zilizofuata, kila mapumziko, waliendelea. Ngao ilizuia karibu kila kitu, ila kwenye simu kuukuu kama ile ukurasa uliburuta miguu mpaka mtu akate tamaa. Ufagio ulifagia vizuri na kuacha mapengo meupe, hayapendezi, lakini kila pengo lilikuambia wazi kwamba hapa palikuwa na kitu nimekitoa. Mwisho wakairudisha Pazia, na aya ile ikarudi mahali pake. Ndiyo maana haikuacha pengo. Iliyaondoa matangazo ya wengine na kuyaziba mapengo kwa ya kwake, ikiyashonea humohumo ndani ya maneno ya mwenye ukurasa. Na haikuficha. Katika yale maelezo ya kabla ya "Kubali", mwalimu alimwonyesha sentensi iliyosema hivyo.

"Mwalimu, ningeisoma ile sentensi..."

"Ungeisoma ungejua," mwalimu alisema. "Mwambie mama yako hivyohivyo ulivyoniambia. Na kwa mama wa cherehani uende mwenyewe, mimi siendi kwa niaba yako."

Mama alisikiliza akiwa bado na unga kwenye nyusi. Hakumpiga wala hakumtukana. Alinawa uso, akaketi, akasema jambo kama hili haliwi la kunong'onezana ukutani. Akatuma Mama Vifungo aitwe.

Mama Vifungo aliingia akifuata ukuta kwa vidole. Msichana alimwamkia, akaitikiwa. Akamsogezea kiti, akakaa upande wa kulia kwake ili aonekane. Simu ilikuwa mezani, Pazia imeondolewa, Ufagio umewekwa. Alieleza hivyo kwanza, kwa sababu ndiyo ilikuwa sehemu rahisi: kwamba sasa akiona peupe ajue palikuwa na tangazo, na kwamba hata hii haizuii yote, kwa hiyo jambo la dawa lisifuatwe kutoka kwenye simu yoyote mpaka aulizwe daktari.

"Ahsante, mwanangu," Mama Vifungo alisema. "Hayo mambo yenu ya simu yanabadilika. Hukujua."

Hapo palikuwa na mlango wazi wa kutokea. Msichana aliuona. Angeweza kuinamisha kichwa tu, na mambo yangekwisha, na angeendelea kula kwenye ile nyumba kila mchana. Alimtazama mama yake. Mama alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe.

"Sikujua kwa sababu sikutafuta kujua," alisema. "Tulitakiwa tujaribu zote tatu. Mimi nilijaribu moja, siku moja. Nikamwambia mwalimu nimejaribu zote. Wewe uliponiuliza, nikasema ndiyo. Sikujua kama ni ndiyo. Nilitaka nionekane najua."

Nje maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye bati.

"Nilikuwa nayatambua," Mama Vifungo alisema hatimaye, taratibu, kama anayejisemea. "Matangazo yote yale, nilikuwa nayatambua. Ukaniambia nisiwe na shaka tena."

"Nilikuambia."

"Mimi nilikuamini wewe. Ile simu ni chombo tu."

Msichana machozi yalimtoka, lakini hakulia kwa sauti. Aliona hana haki ya kubembelezwa katika chumba kile. Akasema ataendelea kumtungia uzi, na kumkumbusha matone asubuhi kabla ya shule na jioni akirudi, ikiwa atamruhusu. Kama hatamruhusu, basi. Mama Vifungo hakusema ndiyo wala hapana.

Ndipo mama alipozungumza, na alimwambia binti yake mbele ya jirani, ili wote wawili wasikie.

"Sikiliza, mwanangu. Kutojua si dhambi. Hata daktari hajui mengine, na husema hajui, mtu akaenda kwa mwingine. Wewe ulipokuwa hujui ulivaa ujuzi usiokuwa wako, na mtu mzima akaliweka jicho lake juu ya neno lako. Kazi ukipewa, ifanye yote, hata sehemu ambayo hakuna anayeiona. Ukiifanya nusu, sema ni nusu. Neno 'sijui' lingekugharimu makofi ya darasani tu. Ona kutolisema kulivyomgharimu mwenzako. Leo umesema kweli, na Mungu amesikia, lakini kweli ya leo haimrudishii alichopoteza. Uishi ukilijua hilo."

Msichana akasema amesikia.

Mama Vifungo aliipapasa meza, akaipata simu, akaifunga kwenye ncha ya kanga yake. Akainuka. Msichana aliinuka pia, akanyoosha mkono kumwongoza, kisha akausimamisha hewani, hajui kama unatakiwa. Mama Vifungo aligeuza kichwa chote, shingo na mabega, mpaka jicho la kulia likauona mlango. Akatoka akifuata ukuta kwa vidole.