Taa Saba za Msusi

Nyie mnaosema uchawi ulikufa siku umeme ulipoingia mitaani, hebu sogeeni hapa. Nina hasira, na haijapoa mpaka leo, kwa hiyo msinikatize.

Jioni ile nilitoka kufuata beseni langu saluni. Msusi kwa kuazima hajambo. Kwa kurudisha ndiyo ana homa. Jua lilikuwa linazama, wenye maduka wanashusha milango.

Huyu Msusi tumechezea vumbi moja, tukaolewa mwaka mmoja. Leo mimi nikiinama kuokota sindano, mjukuu anakuja kuninyanyua. Yeye? Shingo haina mkunjo hata mmoja. Kiuno cha nyigu. Wanawake wa mtaa wakasema ni krimu. Krimu! Krimu gani inapakwa mpaka magotini? Nilisema tangu mwanzo kuna jambo, nikaambiwa nina mdomo mrefu. Ninao, sikatai. Lakini mdomo mrefu haudanganyi, unawahi tu kufika.

Saluni pazia limeshushwa. Hakuna mteja. Harufu ya nywele zilizoungua...

Ka.

Ka. Ka.

Sauti ya kompyuta ilitoka chumba cha nyuma. Mjukuu wangu huyo, nikajua. Binti wa marehemu mwanangu, ndiye niliyebakiwa naye. Alikuwa akishinda pale kila akitoka shule, kwa sababu Msusi ana kompyuta nzuri. Na mimi, zuzu, nilikuwa nikimshukuru!

Mtoto huyo ana gemu yake ya kujenga kwa matofali. Wenzake wanajenga majumba ya fahari. Yeye kajenga kikokotoo. Kikubwa kama kijiji, humo humo ndani ya gemu, kwa taa na swichi na vumbi jekundu linalopeleka umeme. Alishanieleza jikoni kwa vizibo vya soda.

"Bibi, mashine haijui tano wala sita. Inajua taa imewaka au imezimika, basi. Taa ya kwanza ni moja, ya pili ni mbili, ya tatu ni nne, kila moja mara mbili ya jirani yake. Ukiongeza moja kwenye taa iliyokwisha kuwaka, inazimika, halafu inambebesha jirani."

"Kama mtaa huu. Kila mtu mzigo wake anamtupia jirani."

Akacheka. "Na jirani kama amewaka, naye anazimika, anambebesha wa mbele."

"Na wa mwisho?"

"Wa mwisho hana jirani, Bibi. Hiyo moja inapotea, zote zinabaki giza. Sifuri. Lakini haitatokea, mimi najumlisha miaka ya watu. Taa saba zinafika mia na ishirini na saba. Nani anaishi huko?"

Nikafunua lile pazia la nyuma.

Mjukuu wangu alikuwa mbele ya kompyuta, hapepesi macho. Kwenye kioo, taa zimepangwa mstari kama nyumba za barabarani. Mezani kulikuwa na vifundo vya nywele, kila kimoja na uzi wake. Nywele za wateja! Cha mwashi nilikitambua kwa vumbi la saruji. Mwashi yule yule ambaye juzi juzi alibeba mifuko ya saruji mabegani, na sasa mkewe ndiye anambeba yeye kumpeleka chooni.

"Bibi..." mtoto akanong'ona bila kugeuka. "Toka. Anahesabu."

"Nani?"

"Kila unywele ni mwaka. Ukiwekwa hapa, taa inapokea, Msusi anarudi ujana... na mwenye unywele anachoka."

Nikatazama mkono wake. Mishipa imetuna. Ngozi imelegea.

Ulikuwa kama mkono wangu mimi.

"Shoga," sauti tamu ikasema nyuma ya mgongo wangu. "Umefuata beseni?"

"Nimefuata mtoto wangu."

"Basi kaa kidogo, anamalizia." Msusi akanipita, ananukia mafuta. Vidoleni ameshika msuko mfupi, mweusi. Nikaangalia kichwa cha mjukuu wangu. Juu ya sikio palikuwa na upara mdogo, na kando yake mvi.

Mvi! Mtoto wa shule!

"Zamani kazi hii ilikuwa tabu," Msusi akasema, kama anayesimulia mapishi. "Nahesabu kwa kokoto, napoteza nusu. Huyu mwanao kanirahisishia. Ana akili, hongera."

"Mwanaizaya wewe! Mtoto uliyemfunga ubeleko mwenyewe?"

"Wivu huo, shoga."

"Nikuonee wivu ngozi ya kuazima?"

Akacheka. Akachomoa unywele mmoja kwenye msuko, akaulaza juu ya kibodi.

Ka.

Mtoto akaguna kama mtu aliyetwishwa gunia. Nikatazama taa.

Zote saba zimewaka.

Msusi akazifurahia kama bibi harusi anayetazama zawadi. Kichwa cha kila mtu mtaani kimepita mikononi mwake, lakini namna ya kubebeshana hakuijua. Aliona taa tu, nyingi, akadhani nyingi haina mwisho. Akachomoa unywele mwingine wa mtoto. Ule nao ungezizima zote, najua. Lakini mwaka ungetoka kwa mjukuu wangu.

Nikasema, hapana. Utoke kwangu.

Nikang'oa mvi yangu moja. Nikaibamiza kwenye kibodi kabla mkono wake haujatua.

Ka. Ka. Ka. Ka. Ka. Ka. Ka.

Moja baada ya nyingine. Zikazimika zote.



Kisha kando yangu kitu kikaanguka, chepesi, kama kanga inayoanguka kwenye kamba. Msusi alikuwa sakafuni, amekauka kama ganda la ndizi. Macho tu ndiyo yaliyokuwa mabichi.

Tulimzika. Walilia wote, mimi sikulia. Miaka ya mwashi haikurudi. Mvi za mjukuu wangu hazikurudi kuwa nyeusi. Asubuhi tukiamka tunajinyoosha wote wawili tukishika viuno, bibi na mjukuu, na nikimwona hivyo natamani kumfufua yule mwanamke nimuue upya.

Basi tukaichukua kompyuta tukaileta kwangu, tuibomoe ile mashine tofali kwa tofali. Mtoto akafungua gemu.

"Bibi... ziko nane."

"Nane nini?"

"Taa. Saba zimezimika. Ya nane inawaka."

"Sasa umejenga ya nane ya nini?"

"Sijajenga mimi."

Ile moja haikupotea. Ilitafuta jirani, ikampata. Mtoto akahesabu kwa vidole: mia na ishirini na nane.

Jana saluni imefunguliwa. Wanasema ni mpwa wa Msusi, katoka mbali, kijana, shingo haina mkunjo, mkono mwepesi, anasuka bure wiki ya kwanza. Nimesimama barabarani nikawapigia kelele mpaka koo likakauka. Wapumbavu! Wamepanga foleni, vichwa wazi, wananiambia Bibi kaa kivulini, jua kali.

Sisi tumenyoa vipara, nywele tumechoma. Kompyuta tumeichomoa waya, imefunikwa gunia, iko chini ya kitanda.

Ka.

Ndiyo hiyo. Tangu asubuhi. Kila ikilia, tunachungulia dirishani kuona nani amekaa chini ghafla.