Chumba Kisichopumua

Bi Kija alikuja Mwanza kutoka Misungwi na kuku wawili, debe la mchele na jiko lake la mkaa. Dorcas, mkamwana wake, alikuwa amejifungua. Bibi gani angekaa kijijini huku mjukuu yuko mjini?

Mwanawe Machibya alipanga chumba cha nyuma katika nyumba moja ya Mirongo. Zamani alifanya kazi kiwandani. Kiwanda kilipopunguza watu, yeye aliingia kwenye mitumba. Kila asubuhi alibeba furushi lake kwenda mnadani, akarudi jioni. Mchana kutwa walibaki watatu: Bi Kija, Dorcas na mtoto wa kike wa siku tisa.

Masika ya mwaka ule wa 1995 yalikuwa na mvua isiyo na huruma. Upepo wa ziwa uliingia hadi kwenye mifupa. Bi Kija hakutaka mchezo na baridi. Kila asubuhi aliwasha jiko uani. Makaa yakishakolea, aliliingiza chumbani na kufunga mlango. Dirisha la mbao lilikuwa na nyufa, akalisindilia gunia.

"Mama, hewa ya humu nzito," Dorcas alisema.

"Hilo ndilo joto lenyewe. Lala, ng'wana wane, lala mwanangu."

Siku ya tatu mambo yalianza kuharibika. Dorcas aliamka mzima. Ilipofika saa tano, kichwa kilikuwa kinampasuka. Saa saba alitapika. Alimtazama Bi Kija kama mtu anayetazama kutoka mbali.

"Kuna kitu kimenikalia kifuani," alinong'ona.

Mtoto naye hakulia njaa. Alilala tu. Bi Kija mwenyewe, akikaa nao kidogo, alisikia masikio yakivuma na magoti yakilegea. Akitoka uani, yote yaliisha. Cha kutisha zaidi, siku Dorcas alipompeleka mtoto kliniki, alirudi akicheka. Aliingia chumbani, akajilaza. Baada ya saa mbili alikuwa vile vile, kichwa kinauma, anatapika.

"Kitu kimo humu ndani," Bi Kija alijisemea. "Kinamngoja."

Halafu kulikuwa na sauti za ukutani. Chumba cha jirani alikaa Mwalimu Prudencia, mstaafu kutoka Bukoba. Aliwafundisha tuisheni wasichana watano wa darasa la saba. Kila mchana walirudia masomo yao ya sayansi. Sauti zao zilipenya ukutani, zote kwa pamoja, polepole:

"Haionekani, lakini ipo."

"Inaingia wapi?" sauti ya mwalimu iliuliza.

"Inaingia ndani ya mtu."

"Ikikosekana?"

"Mtu anakufa."

Bi Kija hakusoma shule hata siku moja. Alisikiliza maneno hayo huku mwili ukimsisimka. Alimtazama Dorcas, naye Dorcas alikuwa amefumba macho.

Kesho yake alikutana bombani na Paskazia, mpangaji wa chumba cha mbele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Nasikia mgonjwa wako anatapika." Paskazia alitazama nyuma, akashusha sauti. "Mwaka jana, mwezi kama huu, mwanangu wa miezi miwili alilala mchana. Hakuamka. Na yule mwalimu alikuwa pale pale na watoto wake, wanaimba. Mimi sitaji mtu. Macho unayo."

Bi Kija alirudi chumbani mbio. Aliziba ufa wa chini ya mlango kwa vitambaa, maneno yale yasipate njia. Kisha akaongeza makaa. Masikini, alidhani anamfungia mchawi nje.

Siku ya nane mvua ilinyesha tangu asubuhi. Saa nane mchana Bi Kija alikuwa akitoka uani na ndoo. Mlango wa mwalimu ulikuwa wazi nusu. Ndani mlikuwa na giza la mawingu. Wasichana walikuwa wameizunguka meza, vichwa vimekaribiana. Katikati uliwaka mshumaa mmoja. Mwalimu alishika chupa tupu ya jamu, akaigeuza mdomo chini.

"Sasa naufunika," alisema. "Hesabuni."

"Moja. Mbili. Tatu."

Mwali ulisimama. Ukapungua.

"Saba. Nane. Tisa."

Ukawa mdogo kama punje. Bi Kija alitaka kupita, akabaki akitazama.

"Kumi na mbili. Kumi na tatu."

"Umekufa," wasichana walisema.

Wakati huo huo kitu kizito kilianguka chumba cha nyuma.

Bi Kija aliitupa ndoo, akaufungua mlango. Dorcas alikuwa sakafuni kando ya kitanda. Mtoto alikuwa kitandani, kimya, mkono wake umelegea. Kwa hofu aliyokuwa nayo, Bi Kija hakumgusa hata mmoja. Aligeuka, akamvamia mwalimu, akaishika ile chupa kwa mikono miwili.

"Uwashe! Uwashe tena! Mrudishe mkamwana wangu!"

"Mama, amefanya nini?"

"Ameanguka! Umemzima!"

Mwalimu aliutazama mshumaa, akamtazama Bi Kija. Uso wake ulibadilika.

"Chumbani kuna jiko?"

"Lipo. Mzazi atakosaje joto?"

Mwalimu hakusubiri. Alikimbia peku. Alivuta pumzi nje, akaibana, akaingia. Alimkamata Dorcas makwapani, akamburuta hadi barazani.

"Mchukue mtoto!" alipiga kelele. "Mtoe nje haraka! Usikae humo!"

Bi Kija alitoka na mtoto. Alikuwa mwepesi na mlegevu kama nguo iliyoloa. Rasharasha ziliupiga uso wake mdogo. Bi Kija alisema mayu wane, mayu wane, mama yangu, hakujua anamwita nani. Kisha mtoto alikohoa. Akatoa kilio chembamba, na Bi Kija hajawahi kusikia sauti tamu kuliko ile.

Dorcas naye alifumbua macho. Lakini mwalimu hakuridhika. "Hata wakiamka, ni hospitali," alisema. "Sumu bado iko kwenye damu." Jirani mwenye pikapu aliwapeleka. Huko, mama na mtoto waliwekewa oksijeni.

Wanawake wawili walikaa kwenye benchi la nje, nguo zikiwa mbichi.

"Mama," mwalimu alisema, "ulinidhania nini?"

Bi Kija hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. "Nilikudhania mchawi."

Mwalimu alicheka kidogo, macho yakiwa na machozi. "Ndani ya hewa kuna oksijeni. Moto unaihitaji, na sisi tunaihitaji. Mshumaa ulizima kwa sababu chini ya chupa oksijeni ilipungua. Chumba kikifungwa, jiko na watu wananyang'anyana hewa ile ile. Tena mkaa, hewa ikiwa haba, hutoa gesi ya sumu kwa wingi. Inaitwa kaboni monoksaidi. Haionekani wala hainuki."

"Lakini makaa yangu hayakuwa na moshi! Yalikuwa yamekolea, mekundu kabisa!"

"Hapo ndipo hatari ilipo. Moshi ungewakimbiza. Gesi hii haimkimbizi mtu. Inampa usingizi."

"Basi nitakuwa nawasha mshumaa. Ukizima, tunatoka."

"Usithubutu! Gesi hii inaweza kumuua mtu huku mshumaa unawaka. Jiko likae nje, basi."

"Na mtoto apate joto wapi?"

"Kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi. Kofia kichwani, blanketi juu, uso wazi. Na dirisha liingize hewa."

Bi Kija aliitazama mikono yake. "Kumbe kile kitu nilikiingiza mimi. Kila asubuhi, kwa mikono hii." Alilia pale pale bila kujificha.

Baada ya siku mbili waliruhusiwa kurudi. Walipofika Mirongo, wapangaji waliosikia kelele za Bi Kija siku ile walikuwa wamejaa uani. Kitanda cha mwalimu kilikuwa nje mvuani, na vitabu juu yake. Mwalimu alisimama kando na mkoba wake.

"Aondoke kabla jua halijazama," mwanamume mmoja alisema.

Bi Kija alimkabidhi Machibya mtoto. Aliingia chumbani, akatoka na jiko lake, akalibwaga katikati ya watu.

"Mchawi mnayemtafuta ni mimi," alisema. "Uchawi wangu ni huu hapa."

Akawaeleza yote, gunia, vitambaa vya mlangoni, na gesi isiyonuka. Akawaeleza nani aliyeingia chumbani peku kumtoa Dorcas. Watu walitazamana. Yule mwanamume alishika kitanda upande mmoja, akaanza kukirudisha ndani.

Paskazia hakusogea.

"Mwaka jana mimi jiko niliweka chini ya kitanda," alisema polepole. "Kulikuwa na baridi. Niliziba hadi tundu la kitasa."

Mwalimu aliokota kitabu kilicholoa, akakifuta kwa kanga.

"Hukujua, Paskazia."

"Nimekutangaza mchawi mwaka mzima."

"Nilisikia."

"Mbona hukuhama?"

"Wasichana wana mtihani mwezi wa tisa."

Tangu siku hiyo, majiko ya nyumba ile hayaingizwi ndani yakiwa na moto. Mwenye nyumba alitoboa matundu ya hewa juu ya kila mlango. Dorcas hakuumwa tena kichwa. Mtoto alinenepa, akajua kulia kwa fujo hadi wapangaji wakalalamika, na Bi Kija akawajibu walalamike tu.

Wiki ile haikuisha kabla Paskazia hajabisha hodi kwa mwalimu wakati wa masomo. Alisimama mlangoni, mkono mmoja tumboni.

"Nifundishe na mimi, mwalimu," alisema. "Nina mimba ya miezi minne."

Mwalimu Prudencia aliwaambia wasichana wasogee, akamwekea kiti karibu na dirisha.