Saa Kumi na Saba za Mwandani

Kabla sijamsema mwingine, nijiseme mwenyewe. Mimi Badru, mwenye stesheneri pale Maili Moja, Kibaha, niliwahi kumwambia mtu maneno matatu ambayo mpaka leo nikisujudu yananirudia: "Nyamaza, nani atajua?" Nimetubu kwa Mola wangu, naye ni Mwingi wa kusamehe. Lakini yupo mwingine ambaye hajasamehe, na habari hii ni yake.

Niliyemwambia ni Abdulkadiri. Ofisi yake na duka langu vilipakana, ukuta mmoja, na mlango mdogo katikati. Yeye alipanga safari za watu za ndege, mimi nilimchapia karatasi kwenye printa yangu. Ukimwambia unakwenda kusini mwa India kutibiwa, au kusini mwa China kufuata mzigo, anafumba macho kidogo kama anayesikiliza kitu, halafu anakupangia safari nzima: utaondoka Dar saa fulani, utashuka hapa, utangoja saa mbili na nusu, usitoke nje, fuata bango la wanaounganisha ndege, mlango wako ni ule. Watu walimwita Kapteni. Na Kapteni mwenyewe hajawahi kupanda ndege hata siku moja.

Asubuhi moja aliingia Bi Mwanajuma kutoka Kurui, huko Kisarawe, ameongozana na mjukuu wake Kudra. Kudra alikuwa ameolewa na kijana anayefanya kazi Salala, kusini mwa Omani, na sasa anamfuata mumewe.

"Shikamoo, bibi," Abdulkadiri alisema.

"Marahaba, baba. Haya, nitajie vituo."

"Vituo vyote vimeandikwa kwenye karatasi, bibi."

"Karatasi nimpe nani? Ninayekwenda kumtajia hajui kusoma."

Kudra akacheka ndani ya mtandio. "Bibi jamani, utamtisha kaka wa watu."

"Atishike nini, mwanaume mzima na kitambi chake?"

Basi bibi akaeleza pale pale mbele ya kompyuta. Ukoo wao una jini wa kurithi, tangu kwa bibi wa bibi yake. Wanamwita Mwandani. Akisafiri mtu wa nyumba ile, hata kama anakwenda Mlandizi tu, ubani unafukizwa na Mwandani anatajiwa vituo kwa mpangilio: atapita hapa, atapumzika hapa, atafika hapa. Mwandani hutangulia, akamngoja mtu wake kila kituo na kumlinda. Habahatishi. Huenda alikotajiwa, si pengine.

Sisemi ni vizuri. Kinga ya Muislamu ni dua yake. Lakini majini wametajwa ndani ya Kitabu, nami si mtu wa kusema hawapo.

"Dar," Abdulkadiri akahesabu kwa vidole, "kisha Maskati, hapo atangoja saa mbili na dakika kumi, kisha Salala. Basi."

"Hutabadilisha?"

"Sibadilishi, bibi."

"Ukibadilisha unipigie. Hata nikiwa shamba."

Nafasi ile ilikuwa imeshikiliwa tu, na ilitakiwa kuthibitishwa Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Ijumaa ile Abdulkadiri alikuwa dukani kwangu tunabishana mambo ya mpira. Aliporudi kwenye kompyuta yake, nafasi imekwenda. Alitafuta mpaka alasiri. Njia aliyoipata ilipitia uwanja mwingine mkubwa wa Ghuba, si Maskati, na pale msafiri angengoja saa kumi na saba. Akachukua simu ampigie bibi. Ndipo nilipotoa maneno yangu matatu. Nikaongeza, "Salala ni Salala, ndugu yangu. Si atafika?"

Akaiweka simu chini.

Asubuhi ya safari Kudra aliiangalia karatasi mpya akasema, "Kaka, hii mbona siyo ya mwanzo?"

"Ni ile ile, mdogo wangu. Mji tu ndio umebadilika."

Na wakati ule ubani ulikuwa umeshafukizwa Kurui, na vituo vimeshatajwa.

Kudra alifia kitini, akingoja katika uwanja ule wa Ghuba. Alikaa kiti cha mwisho, safu ya ukutani, amekumbatia mkoba wake, na watu wakadhani kalala. Ndege yake ikaitwa, ikaondoka. Walipomgusa alikuwa wa baridi. Madaktari wa huko walisema ni moyo, na mwili wake ukarudishwa, akazikwa Kurui. Mazikoni Abdulkadiri alisimama nyuma kabisa, na bibi hakumtazama.

Arobaini ilipopita, siku ya pili yake, mchana jua likiwa la utosi, Abdulkadiri alitoka kuswali akakaa kwenye kiti cha wateja avue kandambili. Akainuka mara moja. Kiti kilikuwa na joto, lile joto la mtu aliyekaa muda mrefu. Ofisi ilikuwa imefungwa kwa kufuli, na ufunguo alikuwa nao yeye.

"Badru, umeingia humu?"

"Mimi? Nimekaa na fotokopi zangu hapa."

Kesho yake, saa ile ile, alisikia magurudumu ya sanduku la safari yakija kwenye sakafu ya baraza, kwiri, kwiri, kwiri, yakasimama mlangoni. Akainua uso amkaribishe mteja. Palikuwa na jua tu. Halafu ikaja harufu: ubani, na ndani ya ubani harufu ya ubaridi wa mahali pasipofunguliwa dirisha.

Kisha karatasi zikaharibika. Mzee Masanja, mfugaji wa Magindu, alikuwa anakwenda kumtembelea mwanawe kusini mwa China. Abdulkadiri alimpangia angoje saa tatu, na kwenye kompyuta zilisomeka saa tatu. Nilipochapa, zikatoka kumi na saba.

"Kapteni," Masanja alisema, karatasi ameishika mbali na macho, "saa kumi na saba nimekaa nafanya nini? Hata ng'ombe wangu mnadani hangoji hivyo."

Tulichapa tena na tena. Tukabadilisha wino. Nikaazima printa ya jirani. Kumi na saba. Wateja wakaanza kupungua, na Abdulkadiri akasema ni mitambo, nami nikaitikia ni mitambo, kila mmoja akikwepa macho ya mwenzake.

Tungeishi na hilo. Lakini mwezi uliofuata Zawadi, mke wa Abdulkadiri, alianguka jikoni. Mlango mmoja wa moyo wake haufungi vizuri, madaktari walisema, na tarehe ya upasuaji ikapatikana kwenye hospitali moja kusini mwa India. Daktari alimwita mume pembeni. "Njiani asikae muda mrefu. Saa mbili, tatu mwisho. Akikaa kutwa kwenye kiti, siahidi kitu."

Abdulkadiri aliyepangia nusu ya Kibaha safari zao akakaa kumpangia mkewe. Aliipitisha safari Nairobi, ikachapwa saa kumi na saba. Aliipitisha Adis Ababa, kumi na saba. Mara ya tatu akatafuta njia ambayo mtu hangoji hata saa moja, akaja mwenyewe kusimama juu ya printa yangu huku anasoma Ayatul Kursiy, na karatasi ikatoka polepole, ina jina moja tu la Zawadi, na chini yake: Abiria, wawili. Kungoja, saa kumi na saba.

Akarudi ofisini kwake na karatasi ile. Muadhini alikuwa anaadhini adhuhuri, nje bodaboda wanapigiana honi, mama wa mihogo anamkaripia mteja, mchana mweupe kabisa ambao mtu hapaswi kuogopa kitu, naye akasikia kiti cha wateja kinalia kama kinavyolia mtu mzito akijisogeza, akanusa ule ubaridi ukimpanda miguuni kama maji ya kisima, na kabla hajaniita mimi niliyekuwa hatua tatu nyuma ya ukuta, sauti ya chini, sauti ya mtu aliyechoka kwa kukaa, ikamwambia usoni hali hamwoni msemaji:

"Nilimngoja Maskati. Nikamngoja, nikamngoja. Wameshuka wote, yeye hakushuka. Mtu wangu umemweka wapi?"

Kiti kikalia tena, sauti ikaendelea:

"Basi na mimi nitamngoja wako. Ninapajua pa kumngojea."

Jioni ile nyumbani alimkuta Zawadi ameketi kwenye kiti cha plastiki, amekigeuza kinatazama ukuta, amekumbatia mkoba.

"Mama Ashura, unafanya nini?"

"Nangoja ndege," alisema kwa upole. "Huyu mwenzangu anasema bado."

Pembeni yake palikuwa na kiti cha pili. Hakuna aliyekileta.

Kulipopambazuka Abdulkadiri alikwenda Kisarawe, akachukua pikipiki mpaka Kurui. Alimkuta Bi Mwanajuma uani anapepeta mpunga. Akapiga magoti kwenye makapi.

"Shikamoo, bibi."

Bibi akaendelea kupepeta. Alipepeta ungo mzima ndipo akasema, "Marahaba. Umechelewa. Nilidhani utakuja tangu siku ya kiti."

"Bibi, unajua?"

"Mimi ndiye niliyemtuma. Nilimwambia Mwandani, aliyekupotezea mtu wako ni mwenye kitambi wa Maili Moja, kamuulize yeye."

"Mke wangu ana kosa gani?"

"Na Kudra alikuwa na lipi?" Akaweka ungo chini. "Haya, niambie. Mjukuu wangu alikaa saa kumi na saba. Alikula nini? Aliongea na nani? Ilipofika magharibi aliswalia wapi? Wewe si ndiye mpangaji? Nipangie saa hizo."

Abdulkadiri akalia. Alieleza yote: nafasi iliyopotea, mpira, simu aliyoishika akaiweka chini, uongo aliomwambia Kudra asubuhi. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Nani mwingine alijua?"

Ndugu yangu aliniambia mwenyewe baadaye kwamba uso wangu ulimjia, na watoto wangu wakamjia. Akasema, "Peke yangu, bibi."

Bibi akamtazama sana. "Sikiliza. Simwondoi, siwezi, na ningeweza nisingetaka. Lakini kuna njia. Mpeleke Mwandani kituo ambacho hakutajiwa, pale alipofia Kudra. Mtajie kwa kweli, utangulie naye, umwonyeshe kiti, na ukae naye saa zile zile. Zikitimia, na kama hapana uongo uliobaki kati yenu, atakuacha. Ukinyanyuka kabla, atamfuata mkeo."

Ubani ulifukizwa siku ile ile. Abdulkadiri alitaja vituo kwa sauti, kimoja kimoja, vya mkewe na vyake. Aliporudi Maili Moja tukachapa, na kwa mara ya kwanza karatasi ikatii: Zawadi angefuatana na kaka yake Salehe, wangoje saa mbili katika uwanja ule ule wa Ghuba, kisha waendelee India. Abdulkadiri, saa kumi na saba.

"Unafikiri zitatimia?" nilimuuliza.

"Nimesema kila kitu, Badru," alijibu. "Karibu kila kitu." Akanieleza lile swali la mwisho la bibi na jibu lake. Nilipaswa kupanda pikipiki dakika ile mpaka Kurui nikakiri. Nikamwambia, "Allah akulipe kheri, ndugu yangu." Nikafunga duka, nikaenda nyumbani kula.

Salehe alinisimulia mengine. Ndani ya ndege kiti cha nne cha safu yao kilikuwa kitupu, na mhudumu aliweka chakula mbele ya kiti hicho bila kuuliza. Uwanjani Abdulkadiri alikwenda moja kwa moja, yeye ambaye hakuwahi kufika, mpaka safu ya ukutani, kiti cha mwisho. Akakaa kile cha jirani. Akamwambia mkewe, "Nenda, mama. Usigeuke nyuma."

Zawadi alipasuliwa, akapona. Yuko nyumbani, anafua, anapika, anacheka kwa nadra.

Abdulkadiri alinitumia ujumbe wa sauti, mchana, muda wake ulipokaribia kwisha. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyechoka kwa kukaa. "Badru, zimebaki dakika kumi. Huyu wa pembeni ananiuliza, nani mwingine alijua. Nimemwambia peke yangu. Nimeangalia ubao, Badru. Zimekuwa tena kumi na saba."

Hakuna ujumbe wa pili uliofuata. Wenye uwanja wanasema alishuka, na hakupanda ndege yoyote. Lakini mwalimu mmoja wa Ruvu aliyepita huko akitoka Hija aliniapia alimwona, amekaa, ndevu zimejaa mvi. Alipomsalimia alijibu, "Bado kidogo tu."

Nikaenda Kurui. Nilichelewa mno, lakini nilikwenda. Nilipiga magoti kwenye makapi yale yale nikakiri.

"Ukweli wako unanifaa nini mimi?" bibi alisema. "Mwandani akiwa kituoni hasikii cha mbali. Husikia kinachosemwa kituoni."

"Niende mwenyewe, bibi?"

"Nenda. Kiti cha tatu kiko wazi."

Sijakwenda. Pasipoti ninayo mwaka sasa, na nikijichapia safari inatoka karatasi ya saa kumi na saba isiyo na ndege ya kuondokea. Naogopa. Sina neno zuri zaidi la kuweka hapo.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayesafiri. Ukipita uwanja wowote wa Ghuba, angalia safu ya ukutani. Ukimwona mtu wa makamo mwenye kitambi, na kiti cha pembeni yake ni kitupu lakini kina joto, usikikalie. Simama mbele yake useme kwa sauti, ili wote wawili wasikie: "Badru wa Maili Moja alijua."