Kayamba Linataka Mikono Miwili

Sogeeni. Na wewe unayetafuna huko nyuma, meza kwanza, halafu sogea.

Hadithi ninayo mimi. Wengine wanazo pia, ila zao zimepoa. Yangu bado ya moto.

Palikuwa na mtoto, jina lake Saumu. Alikuwa mdogo hivi, ukimweka nyuma ya mtungi humwoni.

Saumu aliishi na mama yake. Mama alijua kupika, alijua kusuka ukili, na alijua kuimba mpaka kuku wakanyamaza.

Lakini macho ya mama yalikuwa hayaoni. Hata ukimtolea ulimi, haoni.

Ila usithubutu kuiba andazi! Masikio ya mama yalisikia andazi likitoka kwenye sahani.

Zamani, Saumu ndiye aliyemshika mama mkono. Sokoni, yeye. Dukani, yeye. Zahanati, yeye.

Hata harusini. Watoto wote wanacheza, yeye kamshika mama.

"Saumu, kuna shimo?"

"Lipo, mama. Pita huku."

"Saumu, kuna baiskeli?"

"Inakuja, mama. Simama."

Ikifika jioni, Saumu anakaa kizingitini. Miguu imechoka. Mkono umechoka. Hata kidole kidogo cha mwisho, kile kisichofanya kazi yoyote, nacho kimechoka.

"Uf! Nimechoka mie," anasema Saumu.

Halafu akaja Kashata.

Rudisha ulimi ndani, wewe! Kashata huyu si wa kula. Kashata huyu ni mbwa.

Rangi yake kahawia, kama kashata ya karanga. Na alikuwa amefundishwa kazi.

Mgongoni alivaa mkanda wenye mshikio. Mama anashika mshikio, basi wanakwenda. Ta-ta-ta-ta.

Pakiwa na shimo, Kashata analizunguka. Baiskeli ikija, Kashata anasimama, na mama anasimama.

Kashata habweki ovyo. Kashata hafukuzi kuku. Kuku wenyewe wamemzoea mpaka wanampanda mgongoni.

Na mikono ya Saumu? Ikabaki mitupu!

Siku ya kwanza hakujua aiweke wapi. Akaiweka kichwani. Akaiweka kiunoni. Akaiweka mgongoni kama mwalimu.

Kisha akaliona kayamba.

Kayamba ni bapa, limeundwa kwa matete, na ndani limejaa mbegu. Unalishika kwa mikono miwili. Unalitikisa.

Chaka-chaka-cha! Chaka-chaka-cha!

Saumu akalitikisa asubuhi. Akalitikisa mchana. Majirani wakasema, "We mtoto, hebu tupumzike!" Akalitikisa polepole.

Basi ikafika siku ya ngoma ya watoto, katika ukumbi wa mtaa. Nani anauanza wimbo? Saumu.

Kayamba la Saumu lisipolia, ngoma haianzi. Sikudanganyi.

Mama hajawahi kulisikia kayamba hilo likilia ukumbini, mbele za watu. Akavaa kanga mpya.

"Leo sitaki kusimuliwa," mama alisema. "Leo nataka nisikie mwenyewe."

Wakashika njia. Jua kali. Mchanga wa moto. Mama na Kashata mbele, Saumu na kayamba lake nyuma.

Ta-ta-ta-ta. He-he-he-he, Kashata anahema.

"Uf! Nimechoka mie," alisema Saumu. Na bado hata hawajafika!

Mlangoni alisimama Shebe. Shebe ni kijana wa mtaani. Leo kapewa mlango aulinde, basi kifua mbele kama jogoo.

"Shikamoo, mama. Karibu," alisema Shebe. "Karibu, Saumu. We mbwa, wewe sijakukaribisha!"

"Shikamoo, kaka Shebe," alisema Saumu. "Huyu ni mbwa wa kazi. Anamwongoza mama."

"Mbwa na ngoma, wapi na wapi!" alisema Shebe. "Mtoto si yupo? Mtoto amshike mama mkono."

"Lakini mimi nacheza, kaka."

"Mimi sijui. Kamuulize Bi Tima, mlango wa pembeni."

Wakazunguka ukumbi. Ta-ta-ta-ta.

Mlango wa pembeni walimkuta Bi Tima. Bi Tima alikuwa anatandika mikeka. Mikeka ya ukili, myekundu na ya kijani, mizuri, kutoka ukuta huu mpaka ukuta ule.

"Shikamoo, Bi Tima. Huyu ni mbwa wa kazi. Anamwongoza mama."

"Marahaba, mwanangu. Ee-ee-ee! Hapo hapo! Asisogee!" Bi Tima aliinua mikono. "Mikeka hii tunaisalia. Mbwa haikanyagi."

"Sasa mama ataingiaje?"

"Mtoto si yupo? Mtoto amshike mama mkono. Kamuulize mwalimu, mlango wa nyuma."

Wakazunguka tena. Ta... ta... ta... ta.

Mlango wa nyuma walimkuta Mwalimu Kajembe. Mwalimu alikuwa anawapanga watoto. Huyu analia, huyu kapoteza ndala, huyu anataka kwenda chooni.

"Shikamoo, mwalimu. Huyu ni mbwa wa kazi..."

"Saumu! Umechelewa!" alisema mwalimu. "Mbwa? Mambo ya mlango muulizeni Shebe. Kwani mtoto si yupo? Mtoto amshike mama mkono."

"Mtoto mwenyewe ndiye mimi, mwalimu."

Mwalimu aligeuka kuwahesabu watoto. Halafu yule wa chooni akamvuta shati, mwalimu akakimbia naye.

Wakarudi mlango wa mbele. Ta... ta... Kashata hata mkia hakuuinua.

"Mmerudi?" aliuliza Shebe.

"Tumerudi."

"Bi Tima kasemaje?"

"Kasema tumuulize mwalimu."

"Mwalimu kasemaje?"

"Kasema tukuulize wewe."

Shebe akajikuna kisogo. "Aa, mimi nimeshasema."

Pale nje palikuwa na jenereta. Ng'urrrrr! Ng'urrrrr! Mama alikaa kando yake, akavua kiatu, akasugua mguu.

"Nenda, mwanangu," alisema mama. "Nitakusikiliza hapa hapa."

"Hapa utasikia jenereta, mama."

"Basi nitasikia jenereta." Mama akatabasamu. Tabasamu lake nalo lilikuwa limechoka.

Huko ndani mwalimu akaita, "Saumu! Tunakungoja!"

Watoto nao wakaita, wakipiga makofi. "Sau-mu! Sau-mu! Sau-mu!"

"Unaitwa," alisema Shebe. "Nenda. Au mshike mama mkono, mwingie wote. Mtoto si yupo?"

Saumu hakwenda. Saumu alikaa chini, pwaa! Katikati ya mlango wa Shebe.

"Uf! Nimechoka mie."

"Umechoka na nini, mtoto mdogo kama wewe?"

"Nimechoka na hiyo 'mtoto si yupo'," alisema Saumu. Akainua kayamba juu. "Mtoto yupo. Lakini kayamba linataka mikono miwili. Nikimshika mama, kayamba linanyamaza. Nikilicheza kayamba, mama anabaki na jenereta."

Shebe akahesabu mikono ya Saumu. Moja, mbili. Akatafuta wa tatu. Hakuuona.

"Hilo tu?" alisema Shebe, kifua mbele. "Basi mama nitamshika mimi! Kumshika mtu mkono nayo kazi? Hata usingizini naweza. Mama, njoo!"

"Kashata, kaa," alisema mama. Kashata akakaa nje, masikio juu.

Shebe akamshika mama mkono. Wakampita Saumu mlangoni, wakaingia ukumbini.

"Twende, mama. Nyoosha tu. Njia nyeupe!"

Goti la mama likagonga benchi. Ko!

"Benchi hilo, mama," alisema Shebe.

"Nimelijua," alisema mama.

"Sasa nyoosha. Hakuna kitu. Hakuna kitu kabi..."

CHWAAA!

Ndoo ya maji ya kunywa! Ikapinduka yote, ikaenda biringi-biringi mpaka ukutani. Na maji yakaenda kwenye mkeka wa Bi Tima, ule wa kwanza, karibu na mlango.

"Ndoo hiyo, mama," alisema Shebe, kwa sauti ndogo.

"Mwanangu Shebe," alisema mama, "ndoo niambie kabla. Baada ya hapo naijua mwenyewe."

Ukumbi mzima ukacheka. Aliyelia akaacha kulia. Aliyepoteza ndala akasahau ndala.

Bi Tima hakucheka. Alikuja mbio, kashika kiuno.

"Shebe! Mbwa yuko nje. Mkeka wangu umelowa. Nani kaulowesha?"

"Ndoo, Bi Tima."

"Ndoo ina miguu?"

Shebe akatazama miguu yake. Jasho lilimtoka, na hajatembea hata nusu ya ukumbi.

"Kumbe kazi," alisema Shebe.

Bi Tima akaukunja ule mkeka uliolowa. Shebe akaubeba mgongoni, akaupeleka juani. Pale mkeka ulipotoka, pakabaki saruji tupu.

Saumu akaitazama saruji. Akainuka.

"Bi Tima, hapo hapana mkeka."

"Naona hapana. Si huyu mlinzi wenu!"

"Kashata anaweza kulala hapo, kwenye saruji. Mama akae ukingoni mwa mkeka wa pili. Kashata hapandi mkeka. Hata nyumbani hapandi, kwa sababu mama naye anasali. Kashata ana gunia lake."

Bi Tima akamtazama Saumu. Akamtazama mama. Kanga mpya ya mama ilikuwa imelowa mpaka magotini.

"Mbona hamkuniambia?"

"Ulisema tumuulize mwalimu."

Bi Tima akainama. Akaondoa kiatu cha mtu njiani, akakiweka pembeni.

"Asiguse mikeka mingine," alisema.

"Haigusi."

"Asibweke."

"Habweki."

"Haya, aje. Na wewe Shebe, fungua mlango wote! Umesimama kama nguzo."

Shebe akafungua mlango wote. Akasogea kando, akatoa mkono mbele, kama anayemkaribisha mkubwa.

"Kashata, karibu," alisema.

Ta-ta-ta-ta. Kashata akaja kwa mama. Mama akashika mshikio.

Benchi lile, wakalizunguka. Maji yaliyomwagika, wakayazunguka. Wakafika kwenye saruji, na mama akakaa ukingoni mwa mkeka, taratibu, kama watu wote.

Hapakuwa mbele kabisa, karibu na jukwaa. Lakini palikuwa ndani. Jenereta ilibaki nje.

Kashata akalala kwenye saruji ya baridi. Kidevu chini. Hewa ikamtoka puani. Fuuu.

Na Saumu? Saumu alikuwa ameshapanda jukwaani! Kayamba mikononi. Mikono yote miwili.

Ukumbi ukanyamaza.

Chaka-chaka-cha!

Ngoma ikaitikia. Du-du, ndu! Du-du, ndu! Watoto wakaimba. Mabega yakacheza.

Chaka-chaka-cha! Chaka-chaka-cha!

Mama aliinamisha kichwa, hivi, sikio mbele. Kidole chake kimoja kilipiga kwenye goti, pamoja na kayamba. Hakikukosea hata mara moja.

Bi Tima alimwona. Akasogea, akakaa karibu na mama, upande ule mwingine, usio na mbwa. Naye akaanza kupiga kofi.

Kashata je? Kashata alikoroma! Krrr-fuu. Krrr-fuu. Ngoma yote ile, na yeye kalala. Wengine hawana adabu ya muziki, wacha niseme.

Ngoma ikaisha. Vigelegele! Saumu akateremka mbio kwa mama.

"Umenisikia, mama?"

"Nimekusikia. Wimbo wa pili uliukimbiza."

"Kidogo tu!"

"Kidogo tu," alisema mama. Akamfuta Saumu jasho kwa kanga, pale palipokuwa pakavu. "Wa kwanza, mwanangu, nilitaka usiishe."

Mlangoni Shebe aliwaaga. "Mama, ngoma ijayo mje mapema. Huyu Kashata apite hapa hapa kwangu. Akizuiwa na mtu, mniite mimi!"

"Aliyemzuia si wewe?" aliuliza Saumu.

"We mtoto, nenda nyumbani," alisema Shebe, akicheka.

Jua lilikuwa limeshuka. Mchanga umepoa. Mama alishika mshikio kwa mkono mmoja. Mkono wa pili alimpa Saumu.

Ta-ta-ta-ta.

Kope za Saumu zilikuwa nzito. Akazifunga kidogo, akaona giza, akafungua haraka.

Akamtazama Kashata mbele. Akamtazama mama.

Akazifunga tena. Safari hii hakuzifungua.

Kashata akakunja kulia. Mama akakunja kulia. Saumu naye akakunja kulia, macho kayafunga kabisa, miguu inakwenda yenyewe.

"Mama," alisema Saumu, "leo sitazami kitu."

"Usitazame," alisema mama. "Njoo tu."

Wakapita duka. Wakapita kisima. Saumu hakuona duka, hakuona kisima. Alisikia kanga ya mama ikisugua, swaa, swaa, na kucha za Kashata mbele.

Walipofika nyumbani, Saumu alikuwa amelala akiwa amesimama. Mama akamvua ndala moja. Akamvua ya pili. Akambeba mpaka kitandani.

Kashata akajizungusha kwenye gunia lake, mara moja, mara mbili, akajiangusha. Pu!

Mama akamfunika Saumu shuka. Mikono miwili midogo akailaza juu ya shuka, ipumzike.

Basi. Yangu imefika, na haikujikwaa popote. Zima taa. Na wewe, acha kunitazama, nami nimechoka. Lala.